Shujaa Kisimani: Fumo Liyongo, Ulimbwende na Sauti za Mto Tana

Katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, mhadhiri wa nadharia za fasihi alikuwa akifafanua sifa za shujaa wa kiulimbwende. Aliziandika ubaoni moja baada ya nyingine: mpweke, asiyetulia, mwenye kipawa kuliko wenziwe, aliyefukuzwa na jamii yake au aliyejitenga nayo, mwenye siri nzito moyoni, anayezungumza na bahari, milima na dhoruba zaidi ya anavyozungumza na binadamu. Mwanafunzi mmoja aliyeketi safu ya nyuma, binti wa Garsen, aliandika pambizoni mwa daftari lake neno moja tu: Liyongo. Akalipigia mstari mara mbili, kwa furaha ya mtu aliyeuona uso wa jirani yake katikati ya umati wa ugenini.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Takriban kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hukutana na Fumo Liyongo anapofundishwa mighani, na aghalabu humwacha hapo hapo, kati ya maswali mawili ya mtihani. Binti huyu hakuweza kumwacha. Alikuwa amekulia kwenye nchi ambayo Liyongo anasemekana kuizunguka, nchi ya mikoma na matope meusi, mahali Mto Tana unapochoka na safari yake ndefu toka Mlima Kenya na nyanda za Aberdare, ukajigawa vijito kabla ya kuingia baharini. Toka Garsen mtu huvuka daraja, akaifuata barabara ya Lamu hadi karibu na Witu, kisha akakata kuelekea Kipini, mdomoni mwa mto. Huko Kipini wenyeji humwonyesha mgeni mahali panaposemwa kuwa ndipo alipozikwa Liyongo. Utotoni alidhani kwamba kila wilaya ina kaburi la jitu lake.

Basi ilipofika zamu ya kuchagua mada ya tasnifu fupi ya mwaka wa tatu, hakusita. Alijaza kwenye fomu: “Fumo Liyongo kama Shujaa wa Kiulimbwende.” Mhadhiri akatia sahihi. Ilionekana kazi nyepesi, kazi ya kupima nguo ambayo tayari inamkaa mvaaji.

Na kweli ilimkaa, kwa kurasa kumi za kwanza. Upande mmoja aliwaweka Waingereza. George Gordon Byron, aliyezaliwa mwaka 1788, alitoa sehemu mbili za kwanza za Childe Harold’s Pilgrimage mwaka 1812, akawa gumzo la London. Mwaka 1814 shairi lake The Corsair, linalomhusu mkuu wa maharamia asiyeeleweka hata na watu wake, liliuzwa nakala 10,000 siku ya kwanza, idadi ambayo hata leo ingemfanya mshairi yeyote wa Kiswahili azimie. Mwaka 1816 aliondoka Uingereza, asirudi tena akiwa hai; homa ilimuulia Missolonghi, Ugiriki, mwezi Aprili 1824, alikokwenda kuwaunga mkono Wagiriki waliopigana kujitoa katika himaya ya Uturuki. Wasomaji wake walishindwa kutenganisha mtunzi na mashujaa wake. Wote walikuwa na uso ule ule wa mtu aliyekasirishwa na ulimwengu, na wote walikuwa njiani.

Upande wa pili alimweka Liyongo. Chanzo chake kikuu kilikuwa utenzi ambao Muhamadi Kijumwa, mshairi, mchonga mbao na bingwa wa hati wa Lamu, aliuandika mwaka 1913. Aliyatazama pia masimulizi ya nathari ambayo Edward Steere aliyachapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili, na mkusanyiko wa nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo uliotolewa Köln mwaka 2004 na kundi la wataalamu, Gudrun Miehe na Abdilatif Abdalla wakiwa miongoni mwao. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu karne aliyoishi shujaa huyu, wala kama nyimbo hizo ni zake kweli. Kwa tasnifu ya binti wa Garsen hilo halikuwa na uzito mkubwa. Shujaa alikuwepo katika lugha, na hilo lilitosha.

Kisa chenyewe kinajulikana, ila inafaa kukipitia kwa kuwa hoja yote imesimama juu yake. Liyongo ni mtu wa kimo cha kutisha na mshairi asiye na mfano. Wagala waliokwenda Pate kufanya biashara ya chakula wanasikia habari zake kwa Sultani Daudi Mringwari, wanataka wamwone. Anaitwa. Anakuja toka Shaka, akitembea kwa siku moja mwendo wa siku kadhaa, akipuliza panda kwa pumzi zinazozipasua. Mkobani mwake mna kinu, mchi, chungu na mafiga. Nyumba nzima, kwa maneno mengine, iko begani pake. Wagala wanastaajabu, wanaomba mbegu yake, wanamwoza binti yao, na mtoto wa kiume anazaliwa. Sultani anaanza kuogopa. Liyongo anahamia mwituni, kwa Wasanye na Wadahalo, na Sultani anawaahidi hao fedha wamuue. Wanapanga kikowa cha makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu, ili siku ya Liyongo wamchome mishale akiwa juu. Zamu yake inapofika hapandi. Anauvuta upinde na kuyaangusha makoma kwa mshale toka chini. Baadaye anakamatwa, anatiwa gerezani na minyororo, anatoroka. Mwishowe mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa kwa ahadi za cheo na ndoa, anamdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala.

Hapana budi kukiri kwamba kisa hiki kinaitika kila kinapoitwa na orodha ya ubaoni. Upweke upo. Uhamisho upo. Mkoba ule wenye mafiga ni taswira ya kutotulia ambayo Byron angeitamani: mtu ambaye jiko lake halina mahali, hulitua apendapo. Mwanafunzi alizipenda kurasa hizo kumi. Alizichapa vizuri, akazibeba kwenye mkoba wake (usiokuwa na kinu), akapanda basi la usiku kwenda nyumbani likizo.

Mtu anayetoka Nairobi akaamka alfajiri Garsen husikia kwanza, kabla ya kuona. Husikia waadhini, majogoo, injini za bodaboda, kengele za mbuzi, na huko mtoni pondo la mwenye mtumbwi likigonga ubavu wa chombo. Nyanya yake mzaa mama alikuwa na shamba la migomba na miembe kando ya mto, kijiji kisicho mbali na mji. Jioni ya pili, baada ya chakula, mjukuu alimsimulia kisa cha Liyongo kama alivyokiandika, kwa kuwa alitaka kukisikia kinavyotamkika kwa sauti. Nyanya alikijua tangu zamani, lakini alimwacha aendelee. Alikuwa akimenya ndizi za kesho yake, kisu hakisimami.

Msimulizi alipofika mwisho alipunguza sauti. Liyongo, akiwa na sindano tumboni, anaamka na kwenda hadi kisimani nje ya mji. Anapiga goti moja, anatia mshale katika upinde, anaulenga, na katika hali hiyo anakata roho. Maiti haianguki. Wanaokuja kuteka maji wanamwona, wanadhani yu hai na ana ghadhabu, wanakimbia. Siku zinapita. Hakuna anayethubutu kukikaribia kisima.

Kisu kikasimama.

“Siku hizo zote, mjukuu wangu,” nyanya akauliza, “wale watu walichota maji wapi?”

Mjukuu hakuwa na jibu. Alisema kuwa utenzi hausemi, ila kwamba watu waliteseka kwa kiu.

“Na waliokwenda na mitungi ni nani? Si wanawake?”

Nyanya hakuongeza neno, akarudi kwenye ndizi zake. Kwa mtu asiyeijua Garsen, swali hilo linaweza kuonekana la kawaida, swali la mtu mzima mwenye kupenda mambo ya jikoni. Halikuwa hivyo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika vijiji vya bonde hili yaliua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto wengi, na maelfu wakahama makwao. Sababu zilitajwa nyingi, na za kisiasa zimo. Lakini ile ya zamani kuliko zote ilikuwa maji: mkulima anayelima hadi ukingoni mwa mto, na mfugaji ambaye kiangazi kikikaza hana budi kuwafikisha ng’ombe wake mtoni kupitia malka, zile njia za mifugo za kushukia majini. Malka ikizibwa kwa shamba, mifugo hufa. Shamba likipitiwa na mifugo, mavuno ya mwaka huisha kwa saa moja. Mwanafunzi alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Alikumbuka jinsi familia ilivyolala mjini kwa jamaa wiki kadhaa, na jinsi nyanya, waliporudi, alivyokaa siku nzima akiutazama mto bila kuushukia, ndoo ikiwa karibu naye, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nani aliyejificha ng’ambo na silaha.

Alikumbuka pia mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akileta maziwa kila asubuhi na kuondoka na ndizi au mahindi. Mwaka huo maziwa yalikoma. Yalirejea baada ya muda mrefu, siku moja tu, bila salamu ndefu, kibuyu kikawekwa mlangoni mahali pale pale pa zamani.

Usiku ule hakulala mapema. Alifungua kurasa zake kumi na kuona kwamba amezitazama zote kwa macho ya mpiga upinde, na hata mara moja hakuwa amesimama upande ule mshale unakoelekea.

Hapa ndipo makala ya kweli ilipoanza kuandikwa, na ajabu ni kwamba aliyemsaidia kwanza alikuwa Mwingereza. Katika diwani ya Lyrical Ballads ya mwaka 1798, Samuel Taylor Coleridge alitoa shairi refu kuhusu baharia mzee. Baharia huyo anamuua kwa mshale albatrosi, ndege mkubwa wa baharini aliyekuwa akikifuata chombo chao kwa wema. Upepo unakufa, jahazi linasimama, na mabaharia wote wanashikwa na kiu katikati ya bahari isiyonyweka. Mia mbili wanafariki, yeye anabaki. Mwanafunzi aliweka maandiko mawili kando kwa kando. Hapa mshale na kiu, pale mshale na kiu. Hapa shujaa mmoja anayewanyima wengi maji, na pale vivyo hivyo. Alikuwa amewasoma wahakiki kadhaa wa Liyongo, na hakuwa amekutana na aliyesema hivyo; pengine wapo.

Tofauti ilijitokeza aliposikiliza badala ya kutazama. Kwa Coleridge kiu huua sauti kabla ya kuua mwili. Midomo inakauka hadi hakuna anayeweza kusema, na baharia inambidi aung’ate mkono wake na kunywa damu ndipo apate unyevu wa kupigia ukelele kwamba ameona tanga. Ulimi unarejea baadaye, mvua na nyimbo za viumbe wa mbinguni zinaposhuka, lakini unarejea kwa mtu mmoja. Tangu hapo analazimika kutangatanga akisimulia. Na anamsimulia nani? Anamkamata mgeni mmoja aliyekuwa akiingia harusini, ngoma zinasikika, bibi arusi ameshaingia ukumbini, naye anamzuia nje. Mgeni huyo haingii tena. Hadithi ya shujaa imemtoa katika karamu.

Liyongo naye ana harusi zake, na mkondo ni wa kinyume. Nyimbo zinazonasibishwa naye ni za gungu, za mavugo, za karamu. Hazisomwi na mtu aliyejitenga chini ya mti, huimbwa na watu waliokusanyika. Hata alipokuwa gerezani akisubiri kuuawa, alipoulizwa anataka nini kabla ya kufa, hakuomba mlima wala mbalamwezi. Aliomba ngoma. Kabla ya hapo alikuwa ametuma ujumbe kwa mamake kupitia kijakazi Saada, akiuimba mbele ya walinzi wasioung’amua: aokewe mkate wa wishwa, ndani yake mtiwe tupa. Walinzi, waliozoea kumpokonya chakula kizuri, waliudharau mkate wa wishwa na kuupitisha. Ndipo gungu likapigwa nje ya gereza, watu wakaitikia wimbo aliowafundisha, matoazi na pembe na vigelegele vikapanda, na chini ya kelele hizo Liyongo akaikata minyororo kwa tupa. Hakuna aliyesikia chuma kikilia.

Mwanafunzi aliandika aya ndefu juu ya tukio hilo, na ndiyo aya bora ya tasnifu yake. Tumezoea, alisema, kuzungumzia sauti katika ushairi kama pambo: takriri inapendeza, vina vinaleta mahadhi, tanakali inatia uhai. Katika kisa hiki sauti ni kifaa kama tupa. Watu wakinyamaza, shujaa anakufa. Nguvu zake zilizopasua panda hazikumfaa kitu gerezani. Kilichomfaa ni koo za wanaoitikia, wengi wao bila kujua wanachokisaidia. Hata umbo la tungo linadai hivyo. Katika utenzi, mishororo mitatu ya mizani nane hucheza kwa kina chake, kisha wa nne huirudia bahari, ile sauti moja inayofunga kila ubeti toka wa kwanza hadi wa mwisho, na msikilizaji huingoja kama mtu anayejua mguu wa ngoma utakapoanguka. Katika utumbuizo kina kimoja hukokotwa mwanzo hadi mwisho, mshororo baada ya mshororo, kama pondo lile lile likishuka majini. Huwezi kuimba hivyo peke yako kwa muda mrefu. Unahitaji watu.

Ipo pingamizi, naye aliijua. Kwa nini basi Liyongo huonekana mpweke? Kwa sababu yu mpweke. Wasanye na Wadahalo waliomkaribisha mwituni ndio waliokubali fedha. Mwanawe ndiye aliyeshika sindano, na utenzi unaeleza kwamba baba alitambua ni nani aliyemtuma, na bado alimjibu alipoulizwa kinachoweza kumuua. Mtu anayemwambia muuaji wake mahali pa kuchoma amechoka kwa namna ambayo hakuna kikowa kinachoweza kuiponya. Hapa Byron na Kijumwa wanakutana bila kulazimishwa, na si haki kumnyang’anya Liyongo huzuni hii ili tu kuthibitisha kwamba Mwafrika ni mtu wa jamii. Madai ya namna hiyo yamejaa katika insha zetu na hayamsaidii mtu.

Lakini baada ya sindano kisa kinafanya jambo ambalo mashairi ya Kiingereza aliyoyasoma hayafanyi. Kinamwacha shujaa na kuugeukia mji. Ghafla tatizo si kwamba Liyongo amekufa, bali kwamba maji hayapatikani. Watu wanakwenda kwa mamake, wanamsihi akamtulize mwanawe. Anakwenda. Anamsemesha kwa mashairi, hajibiwi; anarudi tena, hajibiwi. Katika masimulizi ya Steere, ndipo anapomshika ili ambembeleze kwa nyimbo, mwili unaanguka. Mji unanywa.

Kitenzi kinachohusika ni kutumbuiza. Wanafunzi wa Kiswahili hulikariri neno utumbuizo kama jina la bahari ya ushairi na kuishia hapo. Asili yake ni kuimbia mtu ili atulie, apoe, alale: bibi arusi, mgonjwa, mtoto. Tungo za shujaa asiyetulia zimepewa jina la kutuliza, na maisha yake yanaishia mikononi mwa mwanamke anayefanya kazi hiyo hasa. Mwanafunzi alipoliona hilo alicheka peke yake maktabani, hata mwenziwe wa meza ya pili akainua kichwa.

Palikuwa na wimbo mwingine wa kutuliza uliokuwa ukimsumbua, na huu kila Mkenya anaujua. Tuni ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, ulioanza kutumika mwaka 1963, ilitokana na bembelezi ya Wapokomo, wimbo wa mama wa mtoni akimnyamazisha mtoto. Maelfu husimama wima uwanjani, mikono ubavuni, na kinachowasimamisha ni sauti iliyotungwa ili mtu alale. Nyanya yake aliiimba bembelezi hiyo bila kufikiria taifa. Usiku wa mwaka 2012, katika chumba kimoja mjini Garsen chenye familia tatu, aliiimba kwa mjukuu mdogo kuliko wote, polepole, na chumba kizima kikanyamaza. Mwanafunzi hakuiweka kumbukumbu hiyo ndani ya tasnifu. Aliiandika kwenye karatasi nyingine, akaikunja.

Kitu kingine alikiweka, ingawa kwa tahadhari. Jina Wagala, linalotumika katika utenzi, halipendwi na wenyewe. Waorma wa Tana, kama Waoromo wengine, hulichukua kuwa la kuwadharau. Mhakiki wa leo hana budi kulieleza anapolitaja. Lakini litazamwe wanalofanya watu hao katika utenzi: ni wageni waliokuja sokoni kutafuta chakula, wanaostaajabia, wanaotaka kuoana. Damu ya wafugaji imo ndani ya ukoo wa shujaa mkuu wa Waswahili kabla usaliti haujaanza, na sokoni ndiko ilikoingilia. Alimkumbuka yule mama wa maziwa. Hakulisukuma wazo hilo mbali zaidi, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa na ndoa hiyo ndiye aliyekuja kushika sindano, na msomaji mwenye nia mbaya angelitumia kwa namna yake. Mighani haina usalama wa kutosha kukabidhiwa wanasiasa.

Mwisho wa likizo alikwenda Kipini. Kuna machache ya kusimulia. Alioneshwa kaburi, akasimama, akasikia upepo wa bahari katika minazi na mto ukiingia baharini kwa sauti ndogo kuliko alivyotarajia. Mzee aliyemfikisha alimwambia kwamba mto mkubwa haukuwa ukipita hapo tangu zamani, na vitabu vinamuunga mkono: katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni, enzi za masultani wa Witu, ukaunganisha Tana na Mto Ozi, na maji yakaamua kuufuata. Mto wenyewe ulihama. Liyongo, kama aliishi, aliujua Ozi uliokuwa mwembamba zaidi. Mwanafunzi alitaka kuuliza kilipo kile kisima, akaona aibu, kisha akauliza. Mzee alinyoosha mkono upande ambao palikuwa na vichaka tu.

Tasnifu iliwasilishwa ikiwa na kichwa kipya, “Shujaa Kisimani,” na idadi ya maneno iliyozidi kiwango. Katika kikao cha kuijadili mwanafunzi mwenzake alimuuliza kama hakuwa amemshusha Liyongo hadhi kwa kumtazama toka upande wa mitungi. Alijibu kwamba mshale wa Liyongo unatisha zaidi ukitazamwa toka huko. Mhadhiri aliandika kitu, hakusema.

Karatasi zilirudi wiki mbili baadaye. Alama zilikuwa nzuri, si za ajabu. Mstari mmoja wa wino mwekundu ulikuwa pambizoni mwa aya ya gereza, ile aliyoipenda: “Umeandika kurasa tatu kuhusu mkate, na hujasema Saada alirudije kwa bibi yake akiwa na wimbo mzima kichwani. Aliusikia mara ngapi?” Binti wa Garsen aliurudia utenzi usiku ule kutafuta jibu. Jina la kijakazi huyo limehifadhiwa, na wimbo mmoja katika zinazonasibishwa na Liyongo unaitwa kwa jina lake. Wale waliorudi toka kisimani na mitungi mitupu hawakutajwa hata mmoja. Alianza kuandika tena, safari hii akianzia njiani, kati ya gereza na nyumba ya mama, pamoja na msichana anayetembea haraka huku akisogeza midomo ili asisahau hata mshororo mmoja.